Simenti Haishiki? Soma Jino Kabla ya Kulaumu Kopo

Mzee mmoja wa Bahi, mkoani Dodoma, alinijia Jumatatu asubuhi na krauni yake, ile kofia ya jino, ndani ya kiboksi cha kiberiti. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeibandika mwenyewe, kwenye gego la chini kulia. Akakisukuma kiboksi mezani, akasema, "Mwanangu, simenti yako hii hata banda la kuku haijengi."

Nikampa pole. Nikaigeuza ile krauni chini ya taa. Ndani kulikuwa na simenti tele, nyeupe, imeng'ang'ania kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Nikamwomba afungue mdomo: jino lilikuwa tupu, linateleza, halina hata chembe. Yaani simenti iliganda vizuri na krauni iliishika vizuri, ila upande wa jino haikupata pa kushika. Na upande wa jino niliuandaa mimi.

Naandika haya kwa matabibu na madaktari wa meno wenzangu, hasa wale wa vituo vya afya huku kanda ya kati. Kwetu kiraka cha jino kikidondoka linalaumiwa kopo la simenti. Linaagizwa kopo jipya, viraka vinaendelea kudondoka, nalo linalaumiwa. Kopo bovu lipo, sikatai, lakini kwa ninayokutana nayo mimi ni nadra sana kuliko uso wa jino ulioandaliwa haraka haraka.

Anza na kilichodondoka

Usikitupe. Mgonjwa akipiga simu kwamba krauni au kiraka kimetoka, mwambie akifunge kwenye karatasi aje nacho. Kisha kiangalie kwa utulivu, hata kwa kamera ya simu ukikuza picha, na uulize swali moja tu: simenti imebaki wapi?

Ikiwa imebaki yote kwenye krauni na jino ni safi, tatizo lilikuwa juu ya jino. Ikiwa imebaki kwenye jino na krauni ni tupu, ndani ya krauni ndiko hakukuandaliwa. Ikiwa imegawanyika, nusu huku nusu kule, na ukiikwangua inapukutika kama chaki, basi hapo ndipo ugeukie simenti yenyewe na namna ilivyochanganywa, au umbo la jino. Na ikiwa kipande cha jino kimetoka pamoja na simenti, ujue simenti ilishika kuliko jino lilivyojishika lenyewe. Kuna uozo ulibaki chini, au enameli, lile ganda gumu la nje la jino, yenyewe ni dhaifu.

Nimewahi kuona mtu akibandika upya krauni ileile mara tatu bila kuigeuza aitazame ndani hata mara moja.

Jino linaloonekana safi si safi

Drili ikimaliza kuchonga inaacha unga wa jino uliochanganyika na maji, mate, pengine damu na bakteria, umesiribwa juu ya dentini, tabaka lililo chini ya enameli, kama lipu. Unene wake mara nyingi ni maikromita moja au mbili, kwa macho huuoni. Ukiweka simenti juu yake, simenti itaushika huo unga, na unga wenyewe haujalishika jino sawasawa. Mafundi rangi wa Dodoma wanalijua hili bila kwenda chuo: paka ukuta wa nje mwezi wa nane, upepo ukivuma kutwa, bila kufuta vumbi kwanza, uone rangi itakavyobanduka kama ganda la kitunguu.

Mfano huo wa rangi sikuutoa mbali. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, aliandika kuhusu kupaka asidi ya fosforiki kwenye enameli ili vijazio vishike, na wazo alilitoa viwandani, ambako asidi hiyo ilitumika kwenye chuma ili rangi igande. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85. Leo tunatumia ya asilimia 35 hadi 37.

Jambo la kukumbuka ni kwamba enameli na dentini hazitaki matunzo yaleyale. Enameli ni madini kwa karibu asilimia 96 ya uzito wake, kwa hiyo unaweza kuipiga asidi, ukaiosha, ukaikausha mpaka ikawa nyeupe isiyong'aa kama ukuta wa chokaa, na ikafurahi. Dentini ina madini kama asilimia 70 tu. Inayobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Ukiikausha kama enameli umeiharibu.

Kiraka cha GIC kimetoka kizima, shimo limebaki tupu

Hili ndilo lalamiko namba moja, kwa sababu glasi-ayonoma, ambayo sote tunaiita GIC, ndiyo simenti ya kazi zetu za kila siku. Na tuna haki ya kuiita yetu kidogo: njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila drili wala umeme, inayotegemea simenti hii, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye kazi za shule ya meno ya Dar es Salaam, ndipo ikaenea duniani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza GIC kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo tusiidharau.

Sifa yake kubwa ni kwamba inashika jino kikemia. Asidi iliyomo ndani yake inayakamata madini ya kalsiamu ya jino. Hapo ndipo penye chanzo cha kwanza cha kushindwa, na ningependa mtu asome sehemu hii hata akiacha nyingine zote.

Chukua mchanganyiko wako, uuangalie kwenye karatasi ya kuchanganyia huku taa ikiupiga. Ukiwa umetoka kuchanganywa unang'aa, una umajimaji wa juu kama yai bichi. Mng'ao huo ni asidi ambayo bado iko huru, ndiyo mikono itakayolishika jino. Baada ya muda uso unafifia, unakuwa kama mafuta ya mgando yaliyopoa. Mikono imekwisha: asidi yote imeshashikana na unga wa kwenye simenti. Ukiuweka mdomoni ukiwa hivyo, utaganda, utakuwa mgumu, utauchonga vizuri, mgonjwa ataondoka anatabasamu. Baada ya wiki mbili kiraka kitatoka kizima kama kokwa la embe, kwa sababu hakikuwahi kulishika jino. Kilikaa tu shimoni.

Sasa weka hilo ndani ya Dodoma. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye maelezo ya simenti hupimwa kwenye joto la nyuzi 23. Alasiri ya mwezi wa kumi na moja, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, umeshapita nyuzi 30. Dakika mbili zilizoandikwa si zako. Ninachofanya mimi: shimo liwe tayari kabisa, limekaushwa kwa pamba, ndipo msaidizi aanze kuchanganya. Asitangulie hata kidogo. Kioo cha kuchanganyia kinakaa mahali pa baridi, ila wakati wa masika kikitoka kwenye friji kinatoka jasho, na maji hayo yanaingia kwenye simenti. Kifute kwanza. Na mchanganyiko ukishafifia, tupa. Najua inauma, maana unga huo una bei, lakini kiraka cha kurudia kina bei zaidi.

Chanzo cha pili ni kuruka hatua ya kusafisha uso kwa asidi laini, ile ya poliakriliki. Ya asilimia 10 inakaa sekunde 20, ya asilimia 20 inakaa sekunde 10, kisha unaosha. Inaondoa ule unga wa juu bila kulinyang'anya jino kalsiamu yake.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kama huna chupa ya asidi hiyo, tumia kimiminika cha simenti yenyewe: lowesha kipamba kwa maji, kichovye kwenye tone la kimiminika, sugua shimo sekunde 10 hadi 15, osha kwa vipamba vya maji mara mbili tatu. Ni kweli, inafanya kazi. Lakini kuna mtego. Zipo aina za GIC ambazo asidi yake imekaushwa ikawekwa ndani ya unga, na chupa ina maji tu au maji yenye asidi kidogo ya kusaidia kuganda. Ukisugua jino kwa hayo umelinawisha tu. Soma boksi. Mwenzangu mmoja alihangaika miezi akidhani ana mkono mbaya, kumbe mradi ulikuwa umebadilisha aina ya simenti na hakuna aliyemwambia kwamba kimiminika cha safari hii ni karibu na maji matupu.

Kuna na anayefanya kinyume: anachukua asidi ya fosforiki ya asilimia 37, ile ya kompoziti (kijazio cha rezini chenye rangi ya jino), anaimwaga shimoni kabla ya GIC akidhani kali ndiyo bora. Kali inamaliza kalsiamu ya juu, na kalsiamu ndiyo GIC inayotafuta.

Kuhusu mate sitasema mengi, kila mtu anajua. Ila watu hawaamini haraka yake. Protini za mate zinatanda juu ya jino lililosafishwa ndani ya sekunde chache. Ulimi ukigusa shimo mara moja tu, usijidanganye kwa kulipuliza hewa: osha, safisha tena kwa asidi laini, kausha kwa pamba, endelea. Badilisha pamba za shavuni kabla ya kuchanganya, si baada.

Na mwisho kingo. Chini kabisa ya shimo unaweza kuacha dentini iliyolainika kidogo ili usifike kwenye mshipa, lakini kuzunguka mdomo wa shimo kuta ziwe ngumu kabisa, kijiko kikikwangua kinalia. GIC haishiki uozo.

Kiraka kipo lakini kingo zimemeguka, kimekuwa kama chaki

Hapa jino halina kosa kubwa. Tazama vipimo. Kijiko cha unga kinasawazishwa kwa ukingo wa chupa, hakigandamizwi. Chupa ya kimiminika inasimama wima kichwa chini, na tone la kwanza lenye kiputo cha hewa unalitupa. Tone la kiputo ni nusu tone, na nusu tone linakupa mchanganyiko mkavu unaomeguka.

Kingine ni hewa yetu. GIC changa haitaki maji na haitaki ukavu. Ukimaliza kuibonyeza kwa kidole chenye vaselini, ipake tena vaselini au vanishi, na umwambie mgonjwa asile kwa saa moja. Kwenye upepo wa Juni na Julai hapa, mgonjwa anayepumulia mdomo akikaa dakika tano kiraka hakijafunikwa, unaziona nyufa kama tope la mbugani lililokauka. Na funga vifuniko. Kimiminika cha GIC, hata cha zinki fosfeti, simenti ya zamani ya kubandikia krauni, kikiachwa wazi kwenye ukavu huu kinapoteza maji na simenti haigandi kwa muda wake. Cha zinki fosfeti kikionyesha ukungu ndani ya chupa, kitupe.

Krauni imetoka na simenti yake, jino tupu

Turudi kwa mzee wa Bahi. Nilipokwangua pembeni mwa jino lake, karibu na ufizi, kilitoka kijichembe cha rangi ya maziwa, na pua yangu ikanipa jibu: karafuu. Krauni yake ya muda nilikuwa nimeibandika kwa simenti ya zinki oksaidi yenye yujenoli, yaani mafuta ya karafuu. Siku ya krauni ya kudumu niliikwangua kwa kijiko, nikafuta kwa pamba yenye spiriti, nikaona jino jeupe, nikaendelea na simenti ya rezini, yaani ya jamii ya plastiki. Yujenoli na rezini hazipatani. Yujenoli inazuia rezini isikomae pale zinapokutana, kwa hiyo tabaka la mwisho kabisa, lile linalogusa jino, linabaki laini. Juu yake kila kitu ni jiwe.

Spiriti haitoshi. Dawa yake ni unga wa pamisi, lile jiwe jepesi la kusugulia, na maji, kwa kiburashi kinachozunguka polepole, kila upande, hasa kwenye ukingo wa ufizi ambako mabaki hujificha. Usitumie ile dawa ya kung'arishia meno yenye mafuta na floraidi, inaacha utando wake. Na kama unajua tangu mwanzo kwamba mwisho wa safari ni rezini, tumia simenti ya muda isiyo na yujenoli.

Kuna visababishi vingine vyenye sura hiyohiyo. Dawa za kuzuia damu, zile za chuma na aluminiamu, zikibaki kwenye dentini zinavuruga bondi, ile gundi ya rezini inayopakwa jinoni kwanza. Osha kwa nguvu. Mgonjwa aliyetoka kung'arisha meno kwa dawa ya peroksaidi ana oksijeni iliyobaki ndani ya jino, nayo inazuia rezini kama karafuu. Mpe wiki mbili. Siku hizi mabinti na vijana wa Dodoma mjini wanang'arisha meno kabla ya harusi, na wanataka kuzibwa pengo wiki hiyohiyo. Uliza kabla.

Kwa zinki fosfeti hesabu ni tofauti. Simenti hii haina kemia na jino, inashika kwa kuingia kwenye mikwaruzo. Haitaki asidi, inataka jino safi, kavu kiasi, lenye ukwaru wa drili, lisilosuguliwa likateleza. Unga unauongeza kidogo kidogo juu ya kioo baridi, ukiusambaza sehemu kubwa, mpaka spachula ikiinuliwa simenti ifuate kama uzi wa sentimeta 2 hivi ndipo ikatike.

Krauni tupu, simenti yote imebaki kwenye jino

Jino ulilitendea haki. Krauni hukuitendea.

Krauni ya zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe, inachanganya watu. Asidi haiichimbi, iwe ya fosforiki au hidrofloriki. Inataka kupigwa mchanga wa alumina wa maikromita 50 kwa hewa ya nguvu ndogo, baa 2 zinatosha, kisha praima (kipako cha kwanza) yenye MDP, molekuli inayoshikana na zirkonia, kama unatumia rezini. Sasa kosa la kila siku: fundi wa maabara ameipiga mchanga, imekuja safi, wewe unaijaribu mdomoni, inaingia mate. Mate yana fosfeti, na zirkonia inaipenda fosfeti kuliko chochote. Maji hayaitoi. Mtu anaona uchafu, anapaka asidi ya fosforiki "isafike", na hapo anazidi kuijaza fosfeti ileile. Tumia kisafishio chake maalumu, au ipige mchanga upya taratibu baada ya kuijaribu.

Krauni za kioo, kama za lithiamu disiliketi, ndizo zinazotaka asidi ya hidrofloriki, ya asilimia 5 kwa sekunde 20, kisha sileni, kimiminika kinachounganisha kioo na rezini. Kwa maoni yangu, kama huna glavu nzito, miwani na jeli ya kalsiamu glukoneti (ya kupaka asidi hiyo ikigusa ngozi) mezani, acha fundi wa maabara aifanye. Asidi hiyo inapenya ngozi bila kuunguza kwanza, inafika mfupani, na maumivu yanakuja ukiwa umeshafika nyumbani. Mdomoni mwa mgonjwa isiingie.

Inatoka, unabandika, inatoka

Simenti iko huku na kule, imepasuka katikati. Pima jino. Gego lililochongwa likabaki chini ya milimita 4 kwenda juu, kuta zimelala kama mabati ya paa, haliwezi kushika krauni kwa simenti yoyote ya zamani. Rezini inaweza kukupa muda. Kilicho cha kweli ni kuchonga vijia vya kushikia, kujenga jino kwanza, au kushusha ukingo kwa upasuaji mdogo wa ufizi. Angalia pia kama anasaga meno usiku. Mke au mume ndiye shahidi, mgonjwa mwenyewe atakataa.

Breketi na kompoziti hazikai kwenye meno ya kahawia

Hili ni letu sisi wa kati na kaskazini. Singida, sehemu za Dodoma, Manyara, Arusha, kuna visima vyenye floraidi juu kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka ufizini anatoka na meno yenye mabaka meupe kama chokaa, au ya kahawia, na yakizidi yana vishimo.

Enameli hiyo ni ya ajabu. Ngozi yake ya juu imeshiba madini na floraidi, asidi haiingii kirahisi. Chini ya ngozi hiyo ni vinyweleo vitupu, kama mkate ulioumuka. Kwa hiyo unapata matatizo mawili yanayopingana: asidi ya sekunde 15 hadi 30, inayotosha jino la kawaida, haifanyi kitu, na ukiizidisha sana au ukichonga sana unaingia kwenye enameli isiyo na nguvu, breketi (kile kidude kinachoshika waya wa kunyoosha meno) inatoka na kipande cha jino.

Na ile alama yetu tuliyofundishwa, kwamba jino likikolea asidi linakuwa jeupe kama chokaa, hapa inakudanganya. Jino hilo lilikuwa jeupe kama chokaa kabla hujaligusa. Mimi nilidanganyika nayo kwa binti mmoja wa chuo, nikabandika breketi sita za juu, nne zikatoka ndani ya wiki, zote zikiwa na simenti yake mgongoni. Ninachofanya sasa ni kulipuliza jino hewa kavu kabla ya asidi, nikaangalia wapi panang'aa, kisha baada ya asidi nikatafuta kama ule mng'ao umekufa. Rangi siiangalii tena.

Kwa meno yenye mabaka ya wastani, nakwaruza ngozi ya juu kidogo kwa drili laini au mchanga wa hewa, kisha naacha asidi mpaka sekunde 60, naosha kwa muda mrefu kama huo. Kwa yenye vishimo, sitegemei kushika kwa asidi peke yake. Natoa enameli iliyolegea mpaka nifike kwenye ngumu, na kwa breketi mara nyingine natumia pete ya kuzunguka gego badala ya kubandika. Bondi zile za hatua moja zisizotumia asidi ya kuosha siziamini kwenye meno haya, asidi yake ni laini mno kwa ngozi hiyo. Tanguliza ya fosforiki.

Kabla ya yote uliza: "Ulikulia wapi, na mlikuwa mnachota maji wapi?" Anayeishi mtaa wa Kisasa, Dodoma mjini, leo anaweza kuwa alikulia Singida vijijini. Mabaka hayatokani na maji anayokunywa sasa, yanatokana na ya utotoni. Uliza na magadi, maana kuna magadi ya kupikia yenye floraidi nyingi.

Imeshika, ila inauma akinywa maji ya baridi

Karibu siku zote ni dentini iliyokaushwa kupita kiasi au kuachiwa asidi kupita sekunde 15. Asidi inaziacha nyuzi za kolajeni zimesimama ndani ya maji kama majani ya mpunga shambani. Ukipuliza hewa mpaka pakauke, nyuzi zinalala chini zinagandamana, rezini haipiti, na chini kunabaki mfereji wazi unaosukuma maji mpaka kwenye mshipa. Kausha kwa kipamba mpaka pabaki pananyevunyevu, pasiwe na dimbwi. Ukishaikausha kwa bahati mbaya, ilowanishe kwa pamba yenye maji, subiri, ndipo bondi.

Wiki nzima kila kitu kinatoka

Wagonjwa tofauti, meno tofauti, simenti tofauti. Acha jino, nenda kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Puliza hewa ya sirinji juu ya kioo kikavu kwa sekunde kumi. Ukiona nukta za maji au duara la mafuta, ndiyo unayopaka kila jino kabla ya bondi. Mwaga maji ya tangi kila jioni, badilisha chujio, vumbi la huku halina huruma.

Kompresa ikiwa safi, pima taa ya kugandishia. Betri iliyochoka, umeme ukikatika hovyo, bado inatoa mwanga wa bluu unaoridhisha macho huku nguvu imeshuka. Chini ya miliwati 400 kwa sentimeta mraba usiitegemee. Futa na ncha yake, rezini iliyogandia pale inakula mwanga. Na bondi inayokaa kwenye friji itoe mapema ifike joto la chumba kabla ya kuifungua.

Kama mgonjwa ameshajiganga mwenyewe

Mzee wa Bahi alikuwa muungwana, alileta krauni safi. Wa baada yake, mama mmoja anayeuza zabibu soko la Sabasaba, alikuja na yake ikiwa imeshabandikwa kwa supa gluu, imekaa upande, haifungi. Gundi ile imeganda juu ya dentini kama plastiki na hakuna asidi itakayoiondoa. Niliikata krauni, nikaikwangua gundi kwa drili taratibu kwa karibu nusu saa, na jino likawa limepungua kimo kwa uzembe usio wa mtu yeyote pale chumbani. "Dada, nilikuwa na wageni," aliniambia. Siku hizi kila anayeondoka na krauni namwambia palepale mlangoni: ikitoka, iweke kwenye karatasi, usiitie gundi, njoo nayo.